Amana ya Mtoto: Nani Ataulizwa?

Michezo ya upelelezi inayoonyeshwa katika televisheni ina desturi yake. Huanza kwa maiti, yakafuata maswali, na kabla ya saa moja kwisha mwenye kosa hutiwa pingu, watazamaji wakaenda zao kulala. Mwenye kosa huwa mmoja au wawili, na kosa lake laonekana kwa macho. Lakini mara mojamoja huja mchezo usiofuata desturi hiyo. Askari hukamata mtu, na bado mtazamaji akabaki na dukuduku moyoni, akihisi kwamba wapo wenye kosa wengine ambao hawakubishiwa hodi.

Mchezo wa namna hiyo ulionyeshwa Marekani mwezi wa Oktoba 2015, katika mfululizo uitwao Law & Order: Special Victims Unit. Mtoto mdogo aonekana akizurura peke yake mjini New York. Askari wafuatilia mpaka kwao, na humo wamkuta dada yake amefungiwa ndani ya kizimba, hali yake ni mahututi. Upelelezi wafika katika idara ya serikali iliyopewa kazi ya kuwalinda watoto kama hao. Katika karatasi za idara mambo ni mazuri: imeandikwa kwamba afisa alikwenda kuwatazama. Ukweli ni kwamba hakwenda. Na mkubwa wa ofisi hiyo, aliyeigizwa na Whoopi Goldberg, ana jibu lake: mafaili ni mengi na wafanya kazi ni wachache.

Hapo ndipo lizukapo swali ambalo makala hii yataka kulitazama. Mtoto akidhulumiwa hali amewekwa chini ya ulinzi wa watu wengi, ni nani aliyemdhulumu? Yule aliyemtesa hana pa kujificha. Lakini yuko aliyetia sahihi, yuko aliyepaswa kwenda asiende, yuko aliyeona akanyamaza, na kila mmoja aweza kumwonyesha mwenzake kidole. Je, dhambi hugawanywa kama mirathi, kila mtu akatoka na fungu lake dogo, mpaka ikawa haimlemei yeyote?

Mtoto wa Newport

Swali hilo halikuanza jana. Tarehe 21 Oktoba 1947, televisheni ingali changa, BBC ya Uingereza ilionyesha mchezo mfupi wa Agatha Christie uitwao Three Blind Mice, ambao mwezi wa Mei mwaka huo huo ulikuwa umechezwa redioni. Baadaye mwandishi akaurefusha ukawa mchezo wa jukwaani, akauita The Mousetrap. Ulianza London mwezi wa Novemba 1952 na wachezwa huko mpaka leo, haukukatika ila ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020. Wanaoutazama huombwa wasimtaje muuaji wakisha kutoka, nasi hatutamtaja.

Kisa chenyewe ni hiki. Watoto watatu, ndugu, walitolewa na mahakama wakapelekwa kulelewa na watu wenye shamba. Mmoja wao akafa kwa mateso. Miaka ikapita. Yule mwanamke aliyewalea, akisha kutoka gerezani, akauawa. Kisha muuaji akaendelea kuwatafuta wengine. Na hao wengine ni watu wa kuzingatiwa sana. Mmoja ni hakimu aliyewapeleka watoto pale shambani. Bibi huyo akiulizwa hana majuto: taarifa zilikuwa nzuri, wenye shamba walionekana watu wema, na shambani kuna maziwa na mayai. Mwengine ni mwalimu ambaye yule mtoto alimwandikia barua ya kuomba msaada, na jibu halikuja. Basi mwandishi ametuwekea watu wa aina tatu: aliyepiga, aliyetia sahihi, na aliyeandikiwa. Sheria ilimfikia yule wa kwanza tu. Ama kisasi cha muuaji, hicho nacho ni dhulma juu ya dhulma, wala hakikumrudisha mtoto. Lakini ubaya wa kisasi hauliondoi swali.

Wala Christie hakulitunga jambo hilo kutoka hewani. Alilichukua katika msiba wa kweli ambao Waingereza wote wa zama zile waliujua.

Dennis O'Neill alikuwa mtoto wa mji wa Newport, huko Wales. Wazazi wake walishindwa kuwatunza watoto wao, wakatolewa mikononi mwao na kuwa chini ya baraza la mji. Mwezi wa Juni 1944 Dennis akapelekwa kwa mume na mke wenye shamba katika jimbo la Shropshire, na siku chache baadaye akaletwa mdogo wake. Malezi ya namna hii, ambapo serikali humweka mtoto katika nyumba ya watu wengine na kuwalipa posho ya kumtunza, ndiyo siku hizi katika sheria zetu yaitwayo malezi ya kambo. Tarehe 9 Januari 1945 Dennis akafa, umri wake miaka 12. Waliouchunguza mwili wake waliona mtoto aliyekonda kwa njaa, mwenye vidonda miguuni na alama za kipigo. Ni mdogo wake, mtoto wa miaka 10, aliyesimama mahakamani kueleza yaliyotendeka katika nyumba ile. Mume alihukumiwa kifungo cha miaka 6, na mke miezi 6.

Serikali ikamteua Sir Walter Monckton kuchunguza, na ripoti yake ikatoka mwezi wa Mei 1945. Ukiusoma msiba huu utaona kwamba ofisi hazikukosekana. Zilikuwapo mbili, ya mji uliomtoa mtoto na ya jimbo lililompokea, na kati ya mbili hizo uangalizi ukapotea. Karani mmoja alifika shambani kabla ya Krismasi ya 1944. Aliona kwa macho yake kuwa Dennis si mzima, naye akashauri watoto waondolewe. Ushauri ukaenda kwa mwendo wa karatasi, sikukuu zikaingia kati, na mtoto akafa akingojea. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1948, iliyofuata baada ya kamati ya Bibi Myra Curtis kutoa ripoti yake mwaka 1946, ililitaka kila baraza liwe na afisa wake mmoja wa watoto. Tazama dawa waliyoitafuta: pawe na mtu mmoja mwenye jina, ambaye mambo ya mtoto yakiharibika yeye ndiye wa kuulizwa.

Si mambo ya Wazungu peke yao

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Wazungu, watu wasiojuana hata majirani. Sisi mtoto wetu akifiwa, au wazazi wake wakiwa na dhiki, huchukuliwa na shangazi, au khalati, au ami, na damu ni nzito kuliko maji. Hayo ni kweli, na ni neema ya kushukuriwa. Lakini sikiliza kisa cha pili.

Victoria Climbié alizaliwa Ivory Coast. Wazazi wake hawakumtupa wala hawakunyang'anywa. Walimtoa kwa hiari, kama watu wengi wa Afrika wanavyowatoa watoto wao, akachukuliwa na shangazi wa baba yake kwenda Ulaya apate kusoma. Alipitia Ufaransa, akafika London mwaka 1999. Tarehe 25 Februari 2000 alikufa hospitalini, naye ana miaka 8. Mwilini mwake zilihesabiwa alama 128 za majeraha. Yule shangazi na mwanamume aliyekuwa akiishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2001. Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi na kutoa ripoti mwezi wa Januari 2003, alieleza kwamba mtoto huyo alipita mbele ya idara nne za ustawi wa jamii, hospitali mbili, na vikosi viwili vya polisi vya kuwalinda watoto, na kwamba zilikuwapo nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa. Zote zilipita.

Katika ripoti hiyo limo jambo moja ambalo sisi watu wa Afrika lapasa kutushtua. Victoria alikuwa akisimama wima, kimya, mbele ya yule shangazi. Mfanya kazi wa ustawi alidhani kuwa hiyo ni adabu, kwamba watoto weusi ndivyo wafunzwavyo kuwaheshimu wakubwa wao. Kumbe ilikuwa hofu. Nasi, je, twaijua tofauti? Mtoto wa watu akiwa katika nyumba ya jamaa hasemi, haombi, hachezi, haraka kuitika na haraka kuinuka, sisi twamsifu: mtoto huyu ana adabu! Adabu ya kweli humtoka mtoto aliyeshiba na asiye na khofu, naye huitupa kidogo akicheza na wenzake. Mtoto ambaye adabu yake haimwachi hata mchezoni, mtazame vizuri.

Wala damu haikumlinda Victoria. Damu ndiyo iliyowafanya wazazi wake watulie. Walimjua aliyemchukua, ni wao kwa wao, kwa hivyo hapakuwa na haja ya mtu mwengine kwenda kutazama.

Dhambi si mirathi

Sasa tulirudie swali letu. Wanavyuoni wameigawa faradhi sehemu mbili. Ipo faradhi ya aini, kama sala tano, ambayo kila mtu huitekeleza mwenyewe. Na ipo faradhi ya kifaya, kama kumkosha maiti, kumsalia na kumzika, ambayo wakiitekeleza baadhi ya watu, wengine huwa wameondokewa na jukumu. Asipoitekeleza yeyote, hupata dhambi wote waliojua na wakaweza.

Katika mafunzo hayo, ambayo kila aliyepita chuoni ameyasoma akiwa mdogo, yamo majibu mawili.

La kwanza: dhambi ya kuacha haigawanywi. Mji wenye watu mia ukimwacha maiti wake bila ya kuzikwa, haandikiwi kila mtu sehemu moja ya mia. Kila mmoja ameacha, na kila mmoja huulizwa juu ya kuacha kwake. Wingi wa wenye kosa haulipunguzi kosa la yeyote. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kila mtu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, wala hakusema kuwa wachunga wakiwa wawili kila mmoja ataulizwa nusu.

La pili, na hili ndilo husahauliwa sana: faradhi ya kifaya haiondoki kwa kuteuliwa mtu wa kuitenda. Huondoka kwa kutendwa. Kumwambia fulani akachimbe kaburi hakumziki maiti. Kama fulani hakwenda, na wewe wajua hakwenda, deni lingali shingoni mwako. Ofisi ya Newport na ofisi ya Shropshire zilitosheka kwa kuwa ofisi nyingine ipo. Hakimu wa Christie alitosheka kwa kuwa taarifa zipo. Wote walidhani kuwa kazi ikisha kupewa mtu imekwisha kufanywa.

Na mtoto ni katika mambo haya haya. Mtoto wa kuokotwa, wanavyuoni wametaja waziwazi kwamba kumwokota na kumtunza ni faradhi ya kifaya. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu, imehimizwa pia kwamba anayemwokota aweke mashahidi, ili uhuru wa mtoto na nasaba yake visije vikapotea mkononi mwa mtu mmoja. Kadhalika Qur'ani, katika Suratin Nisaa, imewaamrisha walezi wa yatima wakimkabidhi mali yake waweke mashahidi. Ikiwa mali ya mtoto yataka mashahidi, je, mwili wake?

Ama ile hoja ya mafaili kuwa mengi, yafaa isikilizwe kwa insafu. Huenda msemaji wake asema kweli, na serikali inayompa mtu mmoja kazi ya watu watano ina hesabu yake mbele ya Mwenyezi Mungu. Mungu hamkalifishi mja kuliko uwezo wake. Lakini aliyelemewa ana njia mbili: kusema kuwa mzigo huu umenishinda, au kuandika kuwa nimeubeba. Akisema umemshinda, amewapa wenzake nafasi ya kuja kumsaidia. Akiandika kuwa ameubeba, amewafumba macho wote walio nyuma yake. Faili lisilo na kitu lingemtia mtu wasiwasi, akainuka akaenda kutazama. Lakini faili lenye uwongo humtuliza akakaa. Kwa hiyo asiyekwenda amefanya kosa moja, na aliyeandika kuwa amekwenda amewazuia na wengine kwenda.

Dada yake Nabii Musa

Watu wengine huchelea kumfuata mtoto aliyekwisha kutolewa. Huona kuwa ni kumvunjia heshima aliyempokea, au ni upungufu wa kutegemea kwa Mungu. Hao na wakikumbuke kisa cha mama yake Nabii Musa (a.s.). Aliamrishwa na Mola wake amtie mwanawe mtoni, tena akapewa ahadi kwamba atarudishiwa. Hapana amana iliyo katika mkono wenye nguvu kuliko hiyo. Hata hivyo alimwambia dada yake Musa amfuate, na msichana yule akamtazama kwa mbali bila ya watu kutambua. Na kwa kule kufuata ndiko alikokuwapo wakati alipotakiwa mnyonyeshaji, akaweza kuwaongoza watu mpaka kwa mama yake. Basi ikiwa mtoto mwenye ahadi ya Mungu alifuatwa, mwana wa watu aliyepandishwa basi kwenda mjini mwachaje bila ya mtu wa kumfuata?

Na hapa sasa tuyatazame majumba yetu. Ni jambo la kila siku katika pwani yetu, kutoka Lamu mpaka Mtwara na visiwani, kwamba msichana mdogo huletwa kutoka shamba akakaa kwa jamaa mjini. Wazazi huambiwa kuwa atasoma. Katika nyumba nyingi husoma kweli, akalelewa akawa mtu, akaolewa kutoka nyumba ile ile kwa heshima. Lakini ziko nyumba nyingine. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema hivyo kwa mtoto wa miaka tisa. Mtoto huyo huamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, hula kilichobaki, na jina lake halimo katika daftari la skuli yoyote. Majirani waona. Kila mmoja asema moyoni: anao wakwao. Wakwao nao wasema: yuko kwa jamaa.

Umoja wa Mataifa, katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 20, umeitaja kafala ya Kiislamu kuwa ni njia mojawapo ya kumtunza mtoto aliyekosa malezi ya nyumbani kwao. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 nayo imeitaja kwa jina. Twapaswa kufurahi. Katika kafala mtoto hulelewa, hupendwa, husomeshwa, wala hanyang'anywi jina la baba yake. Lakini kutajwa katika sheria hakumwendei mtoto jioni kumtazama kama amekula. Yule aliyeahidiwa kuwa karibu na Mtume (s.a.w.) huko Peponi ni mwenye kumlea yatima, si mwenye kuandikwa kuwa mlezi wake.

Yafaa basi tuwe na ada chache zilizo wazi. Mtoto akitoka nyumba moja kwenda nyingine kulelewa, atajwe mtu mmoja kwa jina lake, na atajwe mbele ya watu, kwamba huyu ndiye wa kwenda kumtazama. Huyo akienda asitosheke na chai ya barazani. Aone pale anapolala mtoto. Aulize ni chuo gani na skuli gani, kisha apite kwa mwalimu amwulize kama amjua. Amchukue mtoto matembezini kidogo, wakae wawili tu, amsikilize. Mtoto akituma salamu au barua, ijibiwe siku ile ile. Na akiona jambo la kumtia shaka, asirudi kwao kuandika na kungojea; amtoe siku hiyo, maneno yatakuja baadaye.

Aliyempokea mtoto asikasirike kwa kutazamwa. Mashahidi wa mali ya yatima humlinda yatima, na humlinda mlezi pia, asije akasingiziwa. Mwenye kulea kwa wema hufurahi kuonekana kwa kuwa hana cha kuficha. Mwenye kuufunga mlango wake kwa sababu jamaa wa mtoto wamekuja kumwangalia, huyo amekwisha kutueleza habari zake.

Watu wetu wana sifa moja njema ambayo haijafa. Akifa mtu mtaani, hata awe mgeni asiyejulikana kwao, hatutosheki kwa kusikia kuwa amezikwa. Twamfuata kwa miguu mpaka kaburini, tukatia mchanga kwa mikono yetu. Mtoto aliye hai ana haki zaidi ya kufuatwa kuliko maiti. Dennis na Victoria walifuatwa na nchi nzima, hakimu, mawakili, waandishi na mabingwa, lakini walipokwisha kufa.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, kila nyumba na ihesabu leo: ni mtoto gani aliyetoka kwetu akaenda kwa watu, na nani aliyemwona kwa macho yake mwezi huu? Likikosekana jina la kujibu swali hilo, basi jina linalotakiwa ni lako.